Kabla ya Kubandika Chuma: Mambo ya Kuzingatia Unapotaka Kupika Roti za Kihindi Nyumbani

Roti ya unga wa ngano nzima, ambayo ikisukumwa nyembamba na kufurishwa motoni huitwa phulka, na ambayo Wagujarati huiita rotli, haikai juu ya chuma zaidi ya dakika moja na nusu hivi. Muda huo ni mfupi mno kwa mpishi kuanza kutafuta koleo, kulainisha kinyunya kilichokauka au kugundua kwamba mchuzi wenyewe bado haujaiva. Ndiyo maana karibu kila kinachoamua kama roti itatoka laini au itatoka kama kigae hufanyika kabla moto haujawashwa, na mpishi aliyejiandaa vizuri huwa amebakiwa na kazi ndogo tu ya kugeuza.

Jambo la kwanza la kuandaa ni mazoea yako mwenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua chapati tangu utotoni, na ni kweli kwamba jina na asili yake vilitoka Bara Hindi, lakini chapati yetu ya kusukuma imekwisha kushika njia yake: unga mweupe, mafuta ndani ya kinyunya, kukunja ili zipatikane tabaka, kisha kukaanga kwa mafuta juu ya moto wa wastani. Kwa muundo huo inakaribiana zaidi na paratha, yaani mkate wa Kihindi wa tabaka unaokaangwa kwa mafuta, kuliko roti. Roti haina ila unga, maji na pengine chumvi. Haitiwi hamira, haikunjwi, na hupikwa kwenye chuma kikavu. Anayezifahamu chapati za kusukuma ana mkono mwepesi wa kusukuma, na huo ni mtaji mkubwa, ila uzoefu huohuo utampotosha katika mambo matatu: uchaguzi wa unga, ulaini wa kinyunya na ukali wa moto.

Unga ndio unaostahili kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi. Unga wa roti huitwa atta, na nchini India kwa desturi husagwa kwa chakki, yaani mawe mawili ambayo moja huzunguka juu ya jingine. Msuguano wa mawe hutoa joto na kuvunjavunja sehemu ya wanga uliomo ndani ya punje, na wanga uliovunjika hunywa maji mengi zaidi kuliko ulio mzima. Hapo ndipo ulaini wa roti unapotoka, kwa kuwa kinyunya chenye maji mengi hutoa mvuke wa kutosha wa kuifurisha, na roti yenyewe hubaki inakunjika hata ikipoa. Ngano inayosifiwa sana kwa kazi hii ni ile iitwayo Sharbati, inayolimwa katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, hasa katika wilaya ya Sehore, ingawa si lazima kuitafuta. Atta ya kawaida iliyosagwa laini inatosha kabisa.

Soma mfuko kabla ya kununua. Katika maduka yetu neno atta si mara zote lina maana ya ngano nzima, kwa sababu aina nyingine zimepunguzwa pumba, na nyingine zimechanganywa na unga mweupe, ambao Wahindi huuita maida. Mchanganyiko wa namna hiyo hauharibu roti, lakini hunywa maji pungufu kuliko atta halisi, kwa hiyo vipimo vitabadilika. Ukikuta unga wa ngano nzima uliokusudiwa mikate ya boflo, utazame kwa macho na uuguse: mara nyingi pumba zake ni kubwa na zenye ncha, nazo hukata ule utando wa kinyunya unaotakiwa kushika mvuke. Dawa yake ni kuuchekecha kwa chekeche yenye matundu madogo, au kuuchanganya na robo ya unga mweupe. Anayependa kununua ngano na kuipeleka mashineni ajue kwamba mashine nyingi za mtaani ni za nyundo, si za mawe, na aulize kama mashine imetoka kusaga mahindi muda si mrefu, maana unga wa mahindi uliobaki humo hauna kinachoshikamana na utaifanya roti ipasuke kingo.

Kwa kuwa kiini cha ngano kimesagwa pamoja na punje, mafuta yake huanza kuharibika mapema kuliko ilivyo kwa unga mweupe. Nusa unga kabla ya kuukanda. Ukisikia harufu ya mafuta ya zamani au uchungu kidogo ulimini, hakuna samli itakayouficha. Katika joto na unyevunyevu wa pwani ni busara kununua kidogokidogo, kuuhifadhi katika chombo kinachofunga vizuri na kuuchekecha kila mara, kwani fukusi hawabagui unga. Na kama mezani atakuwepo mgeni asiyeweza kula ngano kwa sababu za kiafya, roti hizi hazimfai hata kidogo. Wapo Wahindi wanaopika roti za uwele na za mtama, lakini hizo hukandwa kwa maji ya moto na kutandazwa kwa kiganja, nao ni ufundi mwingine unaohitaji siku yake.

Baada ya unga ni maji, na baada ya maji ni saa. Kwa gramu 250 za atta andaa mililita 190 hivi za maji ya uvuguvugu, lakini usiyamimine yote mara moja. Anza na theluthi mbili, kisha ongeza kwa kiganja hadi unga wote ushikane. Kinyunya kiwe laini kuliko cha chapati za kusukuma, kiasi kwamba ukikibonyeza kidole kinazama bila nguvu na kutoka bila kung'ang'aniwa. Mwanzoni kitanatanata mikononi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuongeza unga papo hapo. Pumba hunywa maji polepole. Kinyunya kilichokuwa kinanata kikifunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa nusu saa hutulia chenyewe, ilhali kile kilichoongezwa unga kwa pupa, baada ya nusu saa hiyohiyo, huwa kigumu na hakisukumiki. Mimi huona kosa hili moja ndilo limewakatisha tamaa watu wengi kuliko makosa mengine yote kwa pamoja.

Basi pangilia saa zako kwa kurudi nyuma. Ikiwa chakula ni saa mbili usiku, kinyunya kiwe kimekwisha kukandwa kufikia saa moja, na mboga, dengu au mchuzi viwe vimeepuliwa kabla hujagusa donge la kwanza, kwa sababu roti haimsubiri mchuzi. Anayetaka kukanda usiku kwa ajili ya asubuhi anaweza kukiweka kinyunya kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa. Uso wake unaweza kugeuka rangi ya kijivu, jambo ambalo kwa siku moja halimaanishi kwamba kimeoza, lakini kitolewe mapema kirudie joto la chumba. Chumvi ni hiari, na katika nyumba nyingi za Kihindi haitiwi, kwa kuwa iliyomo kwenye mchuzi inatosha.

Chuma cha roti, yaani tawa, huwa cha chuma kizito na aghalabu kimebonyea kidogo katikati. Chuma chako cha chapati kinafaa, mradi kisafishwe mabaki ya mafuta, ambayo kwa moto mkali yatatoa moshi na kuacha madoa meusi. Kikaango kisichoshika chakula si chaguo zuri, kwa sababu roti inataka chuma kipate moto mkali kikiwa kitupu, na utando wa kikaango hicho huharibika kwa matumizi ya namna hiyo. Sababu ya ukali huo ni hii: pande zote mbili zinatakiwa zishike ngozi haraka huku katikati kukiwa bado na maji, ili maji hayo yageuke mvuke kwa ghafla na kuzitenganisha ngozi mbili, kama hamri linavyofura likiwa ndani ya mafuta. Moto ukiwa mdogo maji hutoka polepole, roti hukauka kabla ya kufura, na matokeo yake ni kigae. Kupima, nyunyiza unga kidogo juu ya chuma: ukigeuka kahawia ndani ya sekunde chache, chuma ki tayari, na ukiungua papo hapo, punguza.

Fikiria pia ni jiko gani utatumia, kwani roti hukamilishiwa juu ya moto wenyewe. Jiko la gesi ndilo rahisi zaidi. Jiko la mkaa ni zuri pia, na liko karibu zaidi na asili ya kazi hii, ila usubiri mkaa ushike wote na moshi uishe, kisha weka wavu mdogo juu yake. Jiko la mafuta ya taa litumike kupashia chuma tu. Roti ikiwekwa juu ya mwali wake itabeba harufu. Mwenye jiko la umeme huimalizia palepale juu ya chuma, akiibonyezabonyeza kingo kwa kitambaa safi kilichokunjwa hadi ifure.

Vifaa vingine ni vichache: kibao na mti wa kusukumia, bakuli la unga mkavu wa kuchovyea, koleo lisilo na ncha kali, na hotipoti iliyotandikwa kitambaa ili mvuke usidondokee roti. Zima feni au pangaboi, kwani upepo wake hukausha madonge na kuyumbisha moto wa gesi. Usisukume roti zote kwanza na kuzipanga. Zitagandana, na ile iliyokauka uso hupasuka na kupoteza mvuke. Wakiwa wawili, mmoja asukume na mwingine achome; akiwa mmoja, asukume ya pili wakati ya kwanza iko motoni, jambo linalokuja kwa mazoezi. Watoto wakae mbali, kwa kuwa roti iliyofura ikitobolewa hutoa mvuke unaounguza vidole.

Gramu 250 za unga hutoa roti kumi hivi za upana wa sentimita 16 au 17. Ukihesabu walaji, ongeza moja juu ya idadi, kwa sababu ya kwanza mara nyingi haifuri, chuma kikiwa bado hakijatulia kwenye joto lake. Katika nyumba nyingi za Kihindu roti hiyo ya kwanza huwekwa kando kwa ajili ya ng'ombe, na kwa hiyo hakuna mlaji anayeisubiri.