Dhoruba Ikikukuta Ukipita Karibu na Pwani kwa Chombo cha Tanga

Wengi huogopa mawimbi. Mimi, katika njia nyembamba kati ya bara na visiwa, huogopa nchi kavu. Chombo kizima huvumilia bahari chafu saa nyingi. Mwamba hakivumilii hata mara moja.

1. Kabla ya kung'oa nanga, sikiliza utabiri wa hewa na utazame baromita, kipimo cha kanieneo ya hewa. Ikishuka haraka, usitoke.

2. Punguza tanga mapema, mikono ikiwa bado mikavu. Upepo ukipanda kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne, si mara mbili. Wote wavae jaketi okozi. Anayeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, asiifunge kabisa: upepo ukipiga ghafla, ailegeze papo hapo.

3. Jitenge na pwani iliyo upande unaoitwa pia demani, kule upepo unakosukuma. Shikilia upande wa joshi, kule upepo unakotoka, ambako nchi kavu hukukinga na maji hutulia. Kabla mvua haijafunika alama zote, andika saa, mwelekeo wa dira na boya la mwisho uliloliona.

4. Usikimbilie mlango wa bandari maji yakiwa yanakupwa. Hapa ndipo mabaharia wazuri hupotea, kwa sababu nyumbani panaonekana. Upepo wa kutoka baharini ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika juu ya fungu la mchanga. Niliwahi kugeuza chombo taa za bandari zikiwa mbele yangu, nikasubiri nje hadi maji yalipoanza kujaa. Tulilowa na tulichoka, lakini tuliingia wote.

5. Ukipata kificho, tia nanga kwenye mchanga au tope. Toa amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, mara 7 ya kina, mara 10 upepo ukizidi. Katika kina hesabu pia urefu wa omo, sehemu ya mbele ya chombo, kutoka majini na maji yatakayojaa. Chagua alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja ubavuni mwako. Zikiachana, nanga inaburura.

6. Radi ikianza, kaa mbali na mlingoti na nyaya zake. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawa kwa 3: hizo ni kilomita. Redio ya VHF ibaki chaneli 16, ya wito wa dharura.

7. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kumba maji yaliyoingia, kagua henza, kamba ya kupandishia tanga, na usukani, kisha utweke tanga, kwanza likiwa limepunguzwa.