Valvu gani uweke kwenye baiskeli ya milimani? Anza na tundu la rimu

Watu wakitaka kubadilisha valvu wanaanza na ubishi wa ipi bora, Presta au Schrader, wanabishana weee, wakati jibu la kwanza liko kwenye rimu yenyewe. Vua tairi, toa tyubu, angalia lile tundu inapotokea valvu halafu chukua penseli ya kawaida uichomeke. Ikipita, tundu lako ni la milimita 8.5, hilo ni la Schrader. Ikigoma, ni la 6.5, la Presta. Ukishajua hilo ndo tunaweza kuongea.

Kwa ambaye majina yanamchanganya, Schrader ni ile nene ya kwenye magari na pikipiki, katikati ina kipini ambacho ukikibonyeza na kucha upepo unatoka, ukiachia springi inakirudisha. Presta ni nyembamba, kichwani ina kinati kidogo ambacho lazima ukilegeze kwanza ndo upige upepo, na kinachoifunga ni presha ya ndani ya tairi yenyewe inayousukuma juu ule msumari mwembamba uliobeba kinati, halafu ukimaliza unakikaza kinati. Ipo na ya tatu, Dunlop, wengine wanaiita Woods, mwili wake mnene ila inapokea pampu ya Presta, utaikuta zaidi kwenye baiskeli za kutembelea mjini, na kwa njia za mawe mimi siishauri kabisa kwa sababu kuisoma presha yake kwa geji ni usumbufu na milimani presha ndo kila kitu.

Sasa kama tundu lako ni la 6.5, baki na Presta. Najua kuna watu wanachukua drili wanalipanua lifike 8.5 ili waweke Schrader, kwenye rimu pana ya aluminiamu inawezekana, ila ukiacha kingo ina makali hata kidogo tu italikata shina la valvu taratibu mpaka siku moja uko katikati ya mteremko upepo wote umeisha, na garantii ya rimu umeshaitupa. Rimu ya kaboni usiiguse na drili, tafadhali sana. Na yote hayo ya nini, maana kama shida yako ni pampu tu kuna adapta ya shaba ndogo kuliko ncha ya kidole, unaifunga juu ya Presta na pampu yoyote ya Schrader inashika. Kumbuka tu kulegeza kinati kabla ya kufunga adapta, wengi wanasahau hapo halafu wanalaumu pampu.

Kama tundu ni la 8.5 una uhuru zaidi. Schrader inaingia moja kwa moja, ni ngumu, haipindi ovyo, na ukiishiwa upepo unajazia popote panapojaziwa gari (ila kwa compresa ya gari piga kidogo kidogo, tyubu ya baiskeli inajaa kwa sekunde na inapasuka). Kwa mtu anayetumia tyubu, anapanda kwa starehe na hataki kubeba vikorokoro, Schrader inatosha kabisa, asidanganywe na mtu kwamba Presta ndo ya "maprofeshno".

Ukitaka Presta kwenye tundu la 8.5 pia inawezekana ila weka kile kibushi cha kupunguza tundu. Usikiruke. Mimi nilikiruka, nikasema si inaingia tu, na kweli iliingia, lakini tundu likiwa kubwa shina linacheza, ukishika breki kwenye mteremko na presha iko chini tairi linateleza kidogo juu ya rimu, linaivuta tyubu, na tyubu inavuta valvu, siku zikapita nikaona valvu imelala upande kama jino linalotaka kung'oka, nikapuuza, na haikuchukua muda ikachanika pale chini kabisa shina linapoungana na mpira, sehemu ambayo kiraka hakikai. Kwa hiyo ukiona valvu yako imeinama, ya aina yoyote ile, toa upepo, lisogeze tairi juu ya rimu mpaka shina lisimame wima, halafu jaza upya.

Kwenye tyublesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani, ndo Presta inapong'ara, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wa milimani wanakoelekea. Schrader za tyublesi zipo, na kwa haki niseme njia yao ya ndani ni pana kwa hiyo silanti (ule majimaji wa kuziba matundu ndani ya tairi) inapita kirahisi, ila rimu nyingi za siku hizi zinatobolewa za Presta kwa hiyo vipuri vya Presta ndo vinapatikana zaidi. Unaponunua hakikisha kiini cha ndani kinafunguka. Ukikitoa unamimina silanti kupitia shina bila kuvua tairi, na tairi lililogoma kukaa kwenye rimu litashika haraka zaidi kwa sababu upepo unaingia kwa wingi.

Tabu yake ni kuziba. Kitoe kiini kilichokaa miezi kadhaa kwenye silanti ukiangalie vizuri, utaona pale chini kwenye kimpira pamegandwa na kitu kama gundi iliyokauka, na ule msumari hauendi wala haurudi. Ivute ile gundi kwa kucha, inatoka kama ngozi, ufute, urudishe. Ikigoma, tupa weka kipya, viini vinauzwa peke yake. Kupunguza hilo, kila ukijaza au kutoa upepo zungusha gurudumu valvu ikae juu au pembeni, isikae chini kabisa, kwa sababu silanti yote inatuama chini.

Kingine ni kiini kisichokazwa. Una pampu ya kufunga kwa kuzungusha, umejaza vizuri, unaifungua, na kiini kinatoka nacho, pwaaa, kazi yote imepotea. Kikaze kwa kifunguo chake kidogo, kiasi tu, usikivunje. Na ule msumari wa Presta ni mwembamba, ukisukuma pampu ya mkono kwa kuyumbayumba unapinda, kwa hiyo shika tairi na shina kwa mkono mmoja huku unapampu na mwingine.

Angalia na kitako cha valvu ya tyublesi, kuna cha duara na kuna cha pembe nne, kinatakiwa kifanane na bonde la rimu yako la sivyo itavuja tu hata ukaze vipi. Ile nati ya nje kaza kwa vidole. Ukiikaza kwa koleo leo, siku ya pancha kubwa porini unataka kutoa valvu uweke tyubu, haifunguki.

Urefu ni hesabu rahisi, pima kina cha rimu ongeza milimita 15 hadi 20 za kushikia pampu. Rimu nyingi za milimani si za kina kirefu kwa hiyo milimita 40 hivi zinatosha, ndefu sana inabaki inachomoza tu kusubiri kugongwa na jiwe.

Hoja kwamba Presta ni ya presha kubwa isikusumbue, sisi tunapanda kwenye presha ya psi 20 na kitu mpaka 30, zote mbili zinabeba hiyo bila wasiwasi. Na usichanganyikiwe ukikuta foku na shoku za upepo zina Schrader hata kama magurudumu ni Presta, ndivyo zinavyotengenezwa, zina pampu yao ndogo ya presha kubwa na hiyo haifai kujazia tairi, utapampu mpaka usiku.

Kabla hujanunua tyubu ya akiba rudia ile penseli kwenye magurudumu YOTE mawili, hasa kama baiskeli imeshabadilishwa gurudumu moja, maana nimeshakuta mbele 6.5 nyuma 8.5. Ikiwa hivyo beba tyubu ya Presta pamoja na kibushi kimoja, inaingia kote, wakati tyubu ya Schrader itakuokoa nyuma tu na pancha ikiwa ya mbele utatembea kwa miguu.