Klarineti ya besi: vipande gani vya kupeleka kwenye usaili?

Okestra kubwa zina kawaida ya kukutumia orodha yao, huna la kuchagua. Somo hili ni la walioambiwa "njoo na vipande vitatu vya kwako".

1. Tazama kinavyoanza. Wengi hukimbilia kurasa nyeusi kwa noti. Mimi huuliza: noti ya kwanza inatokaje? Kwenye okestra unakaa kimya kurasa nzima, chombo kinapoa, ulimi wa mwanzi unakauka, halafu unaingia peke yako kwa sauti ya mnong'ono. Ndiyo maana Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky (1893) haikosi kwangu. Katikati ya sehemu ya kwanza klarineti inashuka, na noti nne za mwisho zimeandikiwa basuni zikiwa na alama ya p sita (p ni "piano", yaani polepole kwa sauti; sita ni karibu kimya). Makondakta wengi huzikabidhi klarineti ya besi, maana basuni hainong'oni hivyo huko chini. Noti nne tu, lakini ukikwaruza moja, kila mtu kasikia.

2. Tafuta cha kuimba. Opera ya Wagner, Tristan und Isolde, tendo la pili, kwenye sehemu ya Mfalme Marke. Pumzi ndefu, huzuni isiyo na haraka. Angalia juu ya ukurasa: imeandikiwa chombo cha La (ukipiga Do iliyoandikwa, inasikika La), na chako bila shaka ni cha Si bemoli (Do inasikika Si bemoli), kwa hiyo kila noti unaishusha nusu toni. Usaili wangu wa kwanza nilisahau. Nilipiga mistari miwili kwa madaha, hadi nyuma ya pazia, wanakokaa majaji, mtu akabonyeza kinanda, noti moja tu. Nikaelewa.

3. Tia chenye tabia. Don Quixote ya Strauss, pale klarineti ya besi na tuba ya teno zinapomleta Sancho Panza, mtumishi wa Don Quixote. Majaji wakitabasamu, umefika. Ukitaka kuonyesha wepesi wa vidole, skerzo (sehemu ya mwendo wa kasi) ya Konserto ya 1 ya violini ya Shostakovich, unapokwenda sambamba na filimbi.

4. Pima chombo chako. Kama kinaishia Mi bemoli ya chini, achana na vipande vinavyoteremka hadi Do. Shostakovich hazionei haya noti hizo. Kuipandisha noti oktava moja mbele ya majaji ni kujitangaza kuwa chombo hakifiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimekuta karatasi ya ufunguo wa Fa (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha noti ziko wapi) na nyingine ya Sol. Ni kosa?*
Si kosa, ndugu yangu. Uandishi wa Kifaransa hutumia Sol, na sauti hutoka toni moja na oktava chini ya ilivyoandikwa. Wa Kijerumani hutumia Fa, toni moja tu chini. Ukichanganya, utakuwa oktava nzima nje.

*Sina besi nyumbani. Nifanyie klarineti ya kawaida?*
Vidole, sawa. Pumzi na midomo, hapana. Azima besi hata kwa wiki mbili, na muda huo uutumie kwa Tchaikovsky.

*Nianze na kipi?*
Wagner. Kinapasha chombo moto. Zile noti nne ziweke mwisho, na kabla yake ulowanishe ulimi wa mwanzi, hakuna atakayekukimbiza.