Somo: Jinsi ya kumpata kocha anayemfaa mkurugenzi wa asasi

Kwetu neno kocha likitajwa, akili hukimbilia uwanjani, kwa mtu anayefoka pembeni mwa chaki. Kocha wa uongozi hafoki. Anauliza, halafu ananyamaza. Jasho ni lako.

Hatua ya 1: Andika kinachokunyima usingizi. "Nataka kuwa kiongozi bora" hakitoshi. Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025, mwenzetu mmoja aliandika: "Nina watumishi kumi na wanne na mishahara ya wanane. Sijui nianze kumwambia nani." Hapo kocha ana pa kushika.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kocha unayemhitaji. Hesabu zisipofunga, mtafute mtu wa fedha. Ukitaka aliyepita njia hiyo akusimulie alivyopita, huyo ni mlezi. Kocha ni wa yale unayoyajua vizuri ila kila wiki unayasogeza mbele.

Hatua ya 3: Pata majina matatu. Waulize wakurugenzi wenzako kwanza, kisha pitia orodha ya ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995. Ngazi zake za vyeti, kuanzia ya chini, ni ACC, PCC na MCC, na kila moja ina kiwango cha chini cha saa za kukaa na wateja: 100, 500 na 2,500. Saa hizo hazikwambii kama anajua adha ya bodi ya watu wanaojitolea. Muulize mwenyewe.

Hatua ya 4: Kikao cha majaribio. Wengi hutoa nusu saa bure. Tazama saa. Wa kwanza niliyemjaribu aliongea dakika 22, karibu zote zikihusu kazi yake ya zamani. Wa pili nilimlalamikia kuhusu mhasibu wangu, akauliza: "Ukimwacha aendelee hivyo, wewe unaepuka nini?" Nikakosa jibu. Naye akatulia, feni ikawa inazunguka juu yetu. Nikamchukua huyo.

Hatua ya 5: Mkataba. Ada, idadi ya vikao (viwili kwa mwezi, miezi sita, panatosha kuanzia) na usiri. Kwenye usiri ndipo wengi huumia, maana anayelipa ni bodi na anayefunguka ni wewe. Andikeni kabisa: bodi itajua malengo na vikao vingapi vimefanyika, basi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Asasi yetu ni ndogo, hela ya kocha hatuna.*
Marahaba. Tafuta kocha anayekusanya saa za cheti, wengi wao hushusha ada. Na kwenye andiko lijalo la mradi, iingize ada ya kocha kwenye fungu la kujenga uwezo.

*Mwenyekiti wetu wa bodi ni mkufunzi wa uongozi, amejitolea kunifanyia bure. Nikubali?*
Mshukuru, kisha ukatae kwa adabu. Ndiye atakayekupima mwisho wa mwaka. Utamwambia yeye kwamba unafikiria kuacha kazi?

*Vikao viwe kwa Kiswahili au Kiingereza?*
Lugha unayoitumia ukigombana nyumbani. Nilianza kwa Kiingereza, na majibu yangu yote yakatoka kama ripoti ya mfadhili. Kikao cha nne nikahamia Kiswahili, ndipo nikajisikia nikisema kwamba yule mhasibu namwogopa.