Kupaka rangi vyungu vya maua nyumbani Mombasa, na kwa nini rangi inabanduka

Tangu masika ianze natumiwa picha za vyungu. Rangi imefanya malengelenge, inatoka vipande vipande, na ukiibandua chini yake kuna unga mweupe. Swali ni lile lile, ninunue rangi gani iliyo nzuri zaidi? Jamani, rangi haina makosa hapo. Tatizo ni chumvi na unyevu ulioko ndani ya udongo wenyewe, na hapa kwetu chumvi iko kila mahali. Juzi nilikaa barazani na binti wa jirani tukavifanya vyungu vyake toka mwanzo, ndo nikaona bora niandike yote mahali pamoja, kila mtu asome.

Vitu vya kuwa navyo

Chungu cha udongo kisichopakwa kitu, msasa namba 120, brashi ya inchi moja na nyingine nyembamba ya kuchorea, rangi ya maji nyeupe ya nje, vile vijichupa vya rangi kali ya kuchanganyia (nyekundu, bluu, manjano na nyeusi zinatosha), tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kipande cha godoro, vanishi ya maji isiyo na rangi, na siki.

Nasema rangi ya maji na nasisitiza. Ukifika hadiwea utaambiwa chukua ya mafuta, inang'aa, inadumu. Kwenye mbao na chuma sawa, kwenye udongo hapana. Ya mafuta inafunga kabisa, unyevu ukitaka kutoka haupati njia, unaisukuma rangi yote. Ya maji inapumua. Na iwe ya nje, ile ya ndani bei yake chini lakini jua na mvua zinaimaliza. Brashi kabla hujalipa vuta nyuzi zake kwa vidole, zikitoka hapo hapo dukani basi zitatoka na kwenye chungu chako, irudishe.

Hatua ya 1: Chungu

Kigonge kwa kidole. Kikilia ngaa ni kizima, kikilia pu kina ufa au hakikuiva vizuri motoni. Basi.

Hatua ya 2: Kutoa chumvi na kukausha

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Udongo uliochomwa una vitundu vidogo vidogo huvioni kwa macho. Ukimwagilia maua, maji yanaingia kwenye ukuta wa chungu, yanatokea upande wa nje yakiwa mvuke, lakini chumvi iliyokuwa ndani ya maji haiwezi kuruka na mvuke, inabaki palepale. Sasa fikiria sisi, mfereji unatoka siku unapotaka wenyewe, kwa hiyo mimea tunainyeshea maji ya kisima, na visima vya kisiwani na mitaa mingi ya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chumvi. Chungu kilichokaa mwaka mzima kikinywa maji hayo kimejaa chumvi hadi ndani. Ukikipaka rangi, chumvi inaendelea kusogea nje, inafika chini ya rangi, inaganda pale, inakua, inaisukuma. Hakuna rangi itakayoshinda nguvu hiyo hata uinunue kwa bei gani. Na chungu kipya usikiamini pia, kinaweza kuwa na chumvi yake kutoka kwenye udongo uliofinyangiwa au maji ya mfinyanzi.

Kwa hiyo anza hivi. Kisugue kikiwa kikavu kwa brashi ngumu ya kufulia, ule unga mweupe wote utoke. Kikavu, sio kimelowa! Ukikimwagia maji kwanza unga unayeyuka na kurudi ndani, utadhani umeisha, kumbe umejificha.

Ukimaliza kizamishe kwenye ndoo ya maji matamu, kikae usiku kucha. Asubuhi mwaga, tia maji mengine, kikae tena. Kipya kwa kawaida hakisumbui, cha zamani kinataka kurudiwa rudiwa. Utajuaje kama tayari? Kitoe, kikauke, ukiangalie. Kama unga umerudi, ndooni tena.

Maji yenyewe yawe ya mfereji au ya mvua. Ya mvua acha mabati yaoshwe kwanza ndipo ukinge. Ukinunua mitungi ya mkokoteni muulize kaka yatoka wapi, na hata akikwambia ya mfereji chukua sabuni ya kipande ujaribu mkononi, sote tunajua maji ya chumvi yanavyokataa povu. Ukikizamisha chungu kwenye maji ya kisima unatoa chumvi na kutia chumvi, kazi bure.

Kuna vyungu vina tabaka gumu jeupe, brashi inateleza tu. Hapo changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe vinne vya maji, paka, subiri kidogo, sugua, halafu kirudi kwenye ndoo ya maji matamu, siki usiiache humo. Usitumie jiki. Najua ndiyo dawa yetu ya kila doa, lakini jiki ikikauka inaacha chumvi yake yenyewe, na sabuni ya unga nayo inaacha mabaki. Ukungu wa kijani sugua tu, jua litaumaliza.

Sasa kukausha. Chungu kilicholowa kinaonekana kikavu nje mapema sana, unakishika hata hakina baridi, kumbe katikati ya ukuta bado maji. Njia ninayoiamini ni ya nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo chukua ile nailoni angavu ya kufunikia vitabu vya shule, kizungushie chungu, kibandike tepu juu na chini kusiwe na upenyo, kiweke juani toka saa nne hadi saa saba. Ukikuta jasho ndani ya nailoni bado hakijakauka, fungua ukiache tena siku kadhaa. Nailoni ikiwa safi kabisa endelea.

Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hili halina shida, jua lipo na upepo mkavu. Mvua za Aprili na Mei ni habari nyingine, hewa yenyewe imelowa. Kiweke ndani karibu na feni na uwe na subira, au ngoja mvua zipungue. Usikitie jikoni juu ya makaa wala kwenye oveni ili uharakishe, maji yaliyonaswa yakipata moto ghafla chungu kinapasuka.

Hatua ya 3: Ndani ya chungu

Ushauri wangu, usipande moja kwa moja. Acha mche kwenye kopo lake la plastiki ulilonunua nalo, litumbukize ndani ya chungu, unyevu utakaogusa ukuta utapungua sana, hata ukinyeshea maji ya kisima. Kama lazima upande humo, ndani paka vanishi ya maji mara mbili mpaka kwenye mdomo, na tundu la chini liache wazi.

Hatua ya 4: Rangi ya chini

Msasa kidogo, futa vumbi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, changanya rangi nyeupe na maji, rangi vijiko vinne maji kijiko kimoja, ili ipenye. Ikikauka paka mikono miwili mizito bila maji. Kaa kivulini, chungu kikiwa cha moto rangi inakauka juu kabla haijashika chini. Mimi napaka asubuhi, maana alasiri upepo wa baharini unaleta vumbi na chumvi na vyote vinanasa kwenye rangi mbichi.

Ukitaka rangi nyingine tia matone ya rangi kali kidogo kidogo ukikoroga. Usimwage kijichupa kizima, ikizidi sana rangi haikauki sawasawa, itakutoka mkononi kila ukishika. Kama unataka nyekundu iliyokolea kweli nunua iliyochanganywa dukani.

Hatua ya 5: Mapambo

Watu wanahangaika kutafuta mitindo kwenye simu wakati kabati limejaa leso. Leso imeshakupangia kila kitu, ina pindo la pembeni, ina mji ndiyo sehemu ya katikati, ina jina ndiyo maneno yaliyoandikwa. Mdomo wa chungu ufanye pindo, tumbo liwe mji, na ukanda mwembamba chini ya tumbo uandike jina, maneno yako mwenyewe, mafupi. Ukiwa huna leso mpya pita Biashara Street uangalie zilizotundikwa madukani, utatoka na mawazo ya mwaka mzima. Rangi mbili juu ya nyeupe zinatosha, tatu mwisho.

Korosho, lile umbo la korosho lililo kwenye leso, ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ichore kwenye kava gumu la faili, ikate ndani kwa wembe ubaki na tundu lenye umbo lake. Bandika kwa tepu kwenye chungu, chukua kipande cha godoro, chovya kwenye rangi halafu kigonge kwenye gazeti mpaka kikaribie kukauka, ndipo ugonge kwenye tundu. Gonga, usisugue, na rangi iwe kidogo kuliko unavyodhani, ikiwa nyingi inapenya chini ya kava na ukingo unachafuka. Chungu ni mviringo kwa hiyo korosho ndogo zinakaa vizuri kuliko kubwa, kava kubwa halilali.

Mistari ya pindo bandika tepu, bonyeza ukingo wake kwa ukucha, paka, na itoe tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ikikauka kabisa inang'oka nayo.

Hatua ya 6: Vanishi

Subiri siku mbili, paka mikono miwili myembamba. Kisha kiweke mahali pakavu wiki mbili tatu kabla hakijaenda nje kwenye mvua. Rangi inakauka kwa saa chache lakini kukomaa inachukua muda.

Makopo na chupa

Makopo ya maziwa yanapakwa vizuri tu, hapa sasa ndo mahali pa rangi ya mafuta, kwa sababu hewa ya bahari inakula bati haraka. Msasa mpaka kutu yote iishe, rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu ya mafuta. Toboa tundu chini kabla ya kupaka, sio baada, ili rangi izibe ukingo uliotobolewa.

Chupa futa kwa spiriti, usiishike tena kwa vidole, gonga rangi kwa sponji badala ya brashi, na iwe ya pambo tu. Chochote kitakachotiwa chakula au kinywaji, gilasi, bakuli, mtungi wa maji, usikipake rangi hizi mahali panapogusa mdomo au chakula, na kama watoto wanapaka nawe chagua rangi iliyoandikwa haina madini ya risasi.