Jinsi ya kuchagua meli na njia ya kwenda kuona mito ya barafu: chagua barafu kwanza, meli baadae

Kamwene ndugu zangu. Mimi napanga safari za watu hapa Mbeya mjini, na siku hizi wanaouliza safari za barafu wanaongezeka. Wengi ni wazazi ambao watoto wao wako Canada au Marekani na wanataka kuwapa wazee zawadi, wengine ni wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe ambao msimu umewalipa vizuri na wanataka kuona dunia wakiwa bado na nguvu. Karibu wote wakikaa tu kwenye kiti wanauliza "meli gani ni nzuri?" Hilo swali huwa naliweka pembeni kwanza, maana meli inaweza ikawa na mabwawa ya kuogelea, sinema na vyakula vya kila aina, alafu barafu ukaiona kwa mbali dakika ishirini basi imeisha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu huu, usirukie bei.

Hatua ya 1: Chagua barafu unayotaka kuiona

Kuna mito ya barafu inayoishia juu milimani na kuna inayoshuka mpaka ndani ya bahari. Kwa safari ya meli unaitaka hii ya pili. Theluji inaanguka miaka na miaka, inajibana yenyewe mpaka hewa nyingi inatoka, inakuwa barafu ngumu nzito ambayo inateremka taratibu kwenye bonde kwa uzito wake, ikifika baharini maji yanaila chini na mapande makubwa yanameguka yanadondoka. Na kwa kuwa hewa imebanwa ikatoka, ile barafu inameza mwanga mwekundu na kurudisha wa buluu, ndo maana ukiiona kwa karibu ina buluu ambayo picha ya simu haiitendei haki. Barafu ya mlimani tunayo hapa nyumbani Kilimanjaro, ingawa imeshapoteza zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, ila ya kumeguka baharini lazima usafiri.

Alaska, jimbo la Marekani, ndo inaongoza kwa meli za kitalii za kwenda kuona barafu, na huko kuna sehemu nne za kuzijua majina, ziandike kabisa kwenye daftari.

Glacier Bay. Hii ni hifadhi ya taifa, na ndo naipendekeza kwa mtu anayeenda mara moja tu maishani. Mwaka 1794 nahodha Mwingereza George Vancouver alipopita, ghuba karibu yote ilikuwa imejaa barafu, leo meli inaingia ndani karibu kilomita 100 kabla ya kuufikia mto unaoitwa Margerie. Ukuta wake una upana wa kama kilomita moja na nusu. Askari wa hifadhi wanapanda melini asubuhi wanawaelezea abiria siku nzima. Meli kubwa zinazoruhusiwa ni mbili tu kwa siku, kwaiyo hakuna msongamano. Vibali vingi viko kwa kampuni za meli za Holland America na Princess, Norwegian nao wanavyo kiasi. Ukibuku Royal Caribbean au Celebrity, mara nyingi utapelekwa kwingine.

Hubbard. Huu ndo mkubwa kwa macho, urefu wake ni kama kilomita 122 na uso wake unaogusa bahari ni kama kilomita 10. Wakati mito mingi ya barafu inarudi nyuma, huu unasogea mbele, mwaka 1986 na 2002 uliziba kabisa mdomo wa ghuba ndogo iliyo pembeni yake. Tatizo ni mapande yanayoelea, siku yakiwa mengi nahodha anasimama mbali na hakuna wa kumlazimisha.

Endicott Arm na Tracy Arm. Ni mikono membamba ya bahari yenye kuta za mawe juu pande zote, pazuri mno hata kabla hujaifikia barafu. Ila mwezi Agosti 2025 mlima uliporomoka Tracy Arm ukasababisha wimbi kubwa, kwaiyo ukiona ratiba imeandikwa Tracy Arm muulize wakala wako swali moja kwa moja, meli bado inaingia huko au imehamishiwa Endicott?

College Fjord. Hii iko juu zaidi kaskazini, mito kadhaa ya barafu unaiona kwa pamoja, inapatikana kwenye njia ya kwenda bandari ya Whittier.

Hatua ya 2: Viza kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndo Mtanzania anatofautiana na watu wengine wote wanaobuku meli hizo, na ndo maana maelekezo ya mitandao ya Wazungu hayatutoshi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazibana meli zenye bendera ya nchi nyingine zisibebe abiria toka bandari ya Marekani mpaka bandari nyingine ya Marekani hivi hivi tu. Meli karibu zote kubwa zina bendera za nje, kwaiyo ikitoka Seattle lazima iguse Canada, kwa kawaida Victoria, hata kama ni masaa machache usiku. Matokeo yake unahitaji viza ya Marekani NA ya Canada, na omba za kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya Marekani kwa Watanzania imekuwa ngumu na masharti yanabadilika, kwaiyo soma tovuti ya ubalozi wiki hiyo hiyo unayotaka kulipa, usitegemee alichoambiwa jirani yako mwaka juzi.

Kama Marekani haiwezekani, barafu haijaisha duniani. Kule kusini kabisa mwa Chile na Argentina kuna meli ndogo kati ya Punta Arenas na Ushuaia, zinapita mlango wa bahari ambao mito ya barafu inashuka moja baada ya nyingine, msimu wao ni kuanzia Septemba mpaka Aprili. Svalbard, visiwa vya Norway, nako kuna kuta ndefu sana za barafu, lakini shika hili: Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukitoka Oslo kwenda huko umetoka Schengen, na kurudi unaingia upya, kwaiyo viza yako iwe ya kuingia mara mbili au zaidi. Greenland vilevile, viza ya Schengen ya kawaida haikuingizi, lazima iandikwe kabisa kwamba inafanya kazi Greenland. Mtu akikosea hapo anarudishwa uwanja wa ndege wakati meli inaondoka bila yeye.

Hatua ya 3: Chagua njia

Kwa Alaska kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza unaanzia na kumalizia palepale, Vancouver (Canada) au Seattle (Marekani), siku saba. Ya pili unaanzia Vancouver unamalizia kaskazini, Whittier au Seward, au kinyume chake.

Kuzunguka na kurudi kunakuwa na unafuu wa tiketi za ndege na begi halihami. Kama mtoto wako anaishi Seattle basi ni hiyo hiyo, usijisumbue. Ila kwa barafu yenyewe njia ya kwenda upande mmoja inashinda, kwa sababu meli haipotezi muda kurudi, inaweza kukupa Glacier Bay na Hubbard au College Fjord kwenye safari moja, na ukishuka Seward kuna boti za siku moja zinaingia Kenai Fjords ambako kuna barafu nyingine tena.

Kitu kingine, meli za Vancouver nyingi zinapita ndani kati ya visiwa na bara, maji yametulia. Za Seattle mara nyingi zinapita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari ya wazi, inayumba. Kama uliwahi kupanda meli Ziwa Nyasa toka Kyela kwenda Mbamba Bay na tumbo likakusumbua, chagua Vancouver na bado beba dawa.

Hatua ya 4: Soma ratiba mstari kwa mstari

Mama mmoja mstaafu wa ualimu, wa Tukuyu, aliniletea karatasi mwanae alizomtumia. Juu kabisa picha ya barafu kubwa ya buluu. Nikamwambia mama, hebu tuiache picha, tusome siku ya kwanza mpaka ya saba. Siku ya pili baharini, ya tatu Ketchikan, ya nne Juneau, ya tano Skagway, ya sita baharini, ya saba Victoria jioni. Akanitazama, "sasa mwanangu barafu iko wapi hapo?" Haikuwepo. Kulikuwa na safari ya basi ya kulipia pembeni kwenda kuona mto wa barafu wa Mendenhall pale Juneau, ambayo unaiona kwa mbali ng'ambo ya ziwa. Pazuri, lakini sio alichokuwa anataka.

Unachotafuta kwenye ratiba ni siku nzima ambayo meli haisimami bandari yoyote na jina la barafu limeandikwa wazi. Angalia na masaa. Glacier Bay kwa kawaida meli inakaa toka asubuhi mpaka jioni, wakati Endicott Arm wanaweza kupita asubuhi tu alafu mchana mko Juneau. Wakiandika tu "kuangalia barafu" bila jina, andika email uliza jina. Wasipokujibu achana nao.

Hatua ya 5: Ukubwa wa meli

Meli kubwa zinabeba watu kuanzia elfu mbili mpaka zaidi ya elfu nne. Zina lifti, zina daktari, hazitikisiki sana, na ndo zenye bei ya kushikika. Kwa mzee mwenye magoti mabovu au presha nashauri kubwa bila kusita. Ila kati ya hizo kubwa chukua zile za watu elfu mbili na kitu, zinageuka kirahisi kwenye maji membamba na sehemu ya kusimama nje inatosha.

Meli ndogo za watu chini ya 100 ni kitu kingine kabisa. Mnashushwa kwenye boti za mpira mnazunguka katikati ya mapande ya barafu, unasikia yanavyolialia kwa hewa inayotoka ndani. Nyingi hazina lifti na bei inaweza kuwa mara nne au tano ya meli kubwa. Kijana mwenye afya na pesa, nenda nayo. Svalbard nako tangu 2025 meli zinazoingia maeneo ya hifadhi haziruhusiwi kuzidi abiria 200, kwaiyo huko jiandae kwa bei ya meli ndogo.

Hatua ya 6: Mwezi

Msimu wa Alaska ni mwisho wa Aprili mpaka Oktoba mwanzoni. Mei mvua ni chache, milima bado ina theluji na bei iko chini, ila mapande yanaweza kuziba mikono membamba kama Endicott. Juni na Julai joto na bei vyote juu. Septemba bei inashuka, mvua inaongezeka, lakini kuna zawadi moja, ghuba ya Johns Hopkins ndani ya Glacier Bay inafunguliwa kwa meli kubwa kuanzia tarehe 1 Septemba, kabla ya hapo imefungwa kwa ajili ya sili wanaozaa juu ya barafu. Kwa mkulima wa mahindi wa huku kwetu Julai ni mavuno, kwaiyo Mei au Septemba inakaa vizuri pande zote.

Hatua ya 7: Chumba na pesa

Balkoni ni nzuri lakini sio lazima. Ukifika mbele ya Margerie nahodha anaizungusha meli taratibu pande zote zione, na mwonekano mzuri kuliko wote uko deki za juu ambako ni bure kwa kila mtu. Pesa ikibana chukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, ile tofauti nunulia safari ya helikopta ya kutua juu ya barafu toka Juneau. Hiyo mtu haisahau.

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako unaweza kulipa karibu mara mbili. Ongeza kodi za bandari, tipu ya kila siku, intaneti, na bima yenye kumrudisha mgonjwa nyumbani. Malipo ya mwisho huwa yanadaiwa kama miezi mitatu kabla ya safari, kwaiyo viza ziwe mkononi kabla ya tarehe hiyo, na amana uliyoweka iwe ya kurudishwa. Wakala akikataa kuandika kwamba inarudishwa, usiweke. Na usipange ndege ya Songwe na ya kimataifa siku moja, ukungu ukishuka mpango wote umeharibika. Lala Dar angalau usiku mmoja, na fika mji wa bandari siku moja kabla ya meli.

Hatua ya 8: Nguo, na siku yenyewe

Watu wa Makete na Njombe huwa wananiambia baridi tumeizoea. Sawa, lakini upepo unaoshuka kwenye barafu ni baridi ya Kitulo mwezi wa saba huku umesimama nyuma ya lori linalokimbia. Nenda Mwanjelwa au Sido kwenye mitumba, tafuta jaketi lisilopitisha maji lenye kofia, suruali ya mvua, glovu na soksi za sufu, utapata vitu imara kwa bei ya kawaida kabisa. Darubini ndogo pia, kila mtu na yake, msigombanie.

Siku ya barafu amka mapema, kula, uwe deki saa moja kabla ya muda uliotangazwa. Ukiwa mbele ya ukuta tazama kwa macho, sio kwa simu, na tazama sehemu ambayo vipande vidogo vinadondoka dondoka, mara nyingi pande kubwa linafuata hapo hapo. Meli inakaa mbali kidogo kwa usalama, kwaiyo utaona limedondoka kwanza ndo usikie mlio. Ukitaka kuwapigia wa nyumbani, kiangazi Alaska iko masaa 11 nyuma yetu, asubuhi yako ni jioni Mbeya, ila ndani ya Glacier Bay mtandao wa simu usiutegemee.

Na meli ikianza kugeuka kutoka Margerie watu wengi wanakimbilia chakula cha mchana. Baki nje, hamia upande wa nyuma. Njiani kurudi kuna mto mwingine wa barafu, Lamplugh, na kwa buluu huo unaushinda hata Margerie.