Kabla hujaenda Mji Mkongwe, uliza maji

Kitambulisho ukiweke mfukoni, si chini ya begi, maana bandarini utadaiwa. Kama una mgeni kutoka nje ya nchi, mwambie kuwa tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima yake ya lazima kwa wageni, aimalize mtandaoni kabla ya kusafiri.

Tiketi ya boti kata mwenyewe dirishani, ikiwezekana jana yake. Yule kijana atakayekukimbilia kabla hujateremka kwenye bajaji, akikuambia nafasi zimekwisha ila yeye anazo mbili, mpite. Safari kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili. Upepo wa kusi ukikaza, Juni mpaka Agosti, kula kidogo na ukae chini, karibu na nyuma. Wanaokimbilia mbele juu kwa ajili ya upepo ndio hao hao utakaowaona wameinamia mifuko.

Nguo zifunike mabega na magoti. Ukienda Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Haya tusibishane.

Mji wenyewe ni wa miguu, kwa hiyo viatu viwe vya kutembelea. Ramani ya simu huchanganyikiwa kwenye vichochoro, na wewe pia utapotea, lakini usiogope: pande mbili ni bahari na ya tatu ni barabara kubwa ya Darajani. Shika njia moja utatokea popote kati ya hapo. Nenda sokoni Darajani asubuhi, samaki wakiwa bado wana macho. Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo ulizia hali yake kabla hujaliwekea siku nzima. Mkunazini usiende mbiombio. Kanisa la Anglikana lile limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo wenye minyororo shingoni. Mwongozaji pale ana thamani ya pesa yake. Nimeona watu wanaingia, wanapiga picha, wanatoka kwa dakika kumi wakijadili chakula cha mchana. Usiwe mmoja wao.

Sasa bahari. Hapa naomba utulie, kwa sababu mimi sikutulia.

Tulikwenda saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, na shangazi yangu wa Singida ambaye bahari alikuwa akiisikia redioni tu. Siku ya pili tukapanga Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe lililoko mbele ya mji, halafu kisiwa cha Changuu tukaone kobe. Nilipatana na nahodha pale ufukweni kwa nusu saa nzima, nikamshusha bei mpaka nikajiona mjanja, nikalipa yote mkononi. Watoto walikuwa wamelala, tukaondoka saa saba mchana.

Kumbe usiku uliotangulia tuliuona mwezi mpevu umesimama juu ya Forodhani, ile bustani ya ufukweni wanakochoma vyakula usiku, mkubwa kama sinia, na sote tukaupiga picha. Mwezi ule ulikuwa unatuambia kitu, sisi tukaona ni pambo.

Watu wa pwani wanajua: mwezi ukiandama na ukipevuka, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupwa mno na hujaa mno. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, na baada ya wiki moja hivi unakuta maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kuja juu sana. Nakupenda huonekana maji yakitoka. Yakijaa, hakuna Nakupenda.

Nahodha akatushusha, akasema anarudi mara moja kuchukua watu wengine, saa moja tu. Mchanga ulikuwa unatosha mpira wa watoto. Mti hakuna, kivuli hakuna. Tukatandika mkeka, tukahamisha mkeka, tukahamisha tena. Mara ya nne ndipo nikaelewa kwamba si mawimbi yanayotufuata, ni bahari nzima inayopanda. Ilipofika saa tisa tulikuwa tumesimama wote kwenye kipande kama sebule, mtoto mdogo mabegani mwangu, shangazi ameshika kanga kwa mkono mmoja na kikapu cha maandazi kwa mwingine, midomo ikimcheza kwa dua. Simu ya nahodha inaita haipokelewi.

Tuliokolewa na wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na mashua yao. Mzee wa mashua alitutazama, akamwambia shangazi, "Panda, mama," kisha akanigeukia mimi. "Leo bamvua. Nani kawaleta saa hizi?"

Nilimtaja nahodha kwa hasira. Akauliza kama nilimuuliza habari ya maji. Sikumuuliza. Nilimuuliza bei.

Kwa hiyo, kabla ya pesa: leo maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi, na tukishuka boti inabaki au inaondoka? Isipobaki, tafuta nyingine. Muulize na mtu wa pili asiye na boti, muuza kahawa atakuambia bila kutazama popote. Hesabu majaketi ya kuokolea maisha, yasipotosha vichwa usipande. Bei iwe ya kwenda na kurudi, ya watu wote, na useme nani analipa kiingilio cha Changuu. Lipa nusu, nusu nyingine ukiwa umekanyaga nchi kavu.

Forodhani jioni, uliza bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa jikoni, na samaki wa baharini kula mahali penye wateja wengi. Urojo, ile supu nzito ya Unguja, ni salama zaidi kwa mfuko. Usipige watu picha bila kuwaomba, hasa kina mama na wazee kwenye baraza. Ukikodi pikipiki, uliza kibali. Jua la mchana ni kali hata kukiwa na mawingu. Maji ya kunywa beba. Chenji hesabu hapo hapo. Usiku, vichochoro visivyo na taa waachie wenyeji. Na boti ya kurudi usikate ya mwisho. Shangazi aligoma kupanda ya jioni, tukalala usiku mwingine ambao hatukuupangia.